Bungua wa mpunga: kiini kikavu na suke jeupe

Bungua ni kiwavi wa nondo anayeishi na kula ndani ya bua. Wako wa aina kadhaa: kwenye majaruba (vitalu vya mpunga) ya Afrika Mashariki hukutwa Chilo partellus, Sesamia calamistis mwenye rangi ya waridi, na Maliarpha separatella, anayefahamika sana Mwea, Kenya. Huyu wa mwisho hubandika mayai juu ya jani kwa gundi inayolikunja, hata yakafichika ndani ya mkunjo.

Dalili ni mbili, kutegemea umri wa mpunga. Ukiwa bado unachipua, jani la katikati hunyauka huku ya pembeni yakibaki kijani: hicho ndicho kiini kikavu. Livute, litachomoka bila ubishi, kitako kimetafunwa. Usiharakishe kumlaumu bungua, maana nzi mwenye macho yaliyo juu ya vijiti naye huacha alama hiyohiyo. Pasua bua utazame. Bungua ana kichwa kigumu cha kahawia na miguu; funza wa nzi hana miguu wala kichwa cha kuonekana.

Viini vikavu vichache mapema visikutie hofu, kwani shina hutoa machipukizi mengine kufidia. Suke jeupe, dalili ya pili, huja mpunga ukishakomaa, na ndilo hasara halisi. Kiwavi hukata njia ya maji na chakula, suke linatoka limesimama wima, jeupe, punje zote mapepe, yaani tupu. Hapo hakuna cha kufidia. (Ukame na blasti, ugonjwa wa ukungu, nao huleta masuke meupe; kuhakikisha ni bungua, tafuta tundu na kinyesi kama unga wa mbao ndani ya bua.)

Wengi hukimbilia bomba la dawa wakishayaona masuke meupe. Ni dawa iliyomwagwa bure: kiwavi yuko ndani ya bua, na suke limeshakufa. Dawa ya kugusa, inayoua mdudu ikimgusa, humpata katika siku chache tu, tangu yai lianguliwe hadi atoboe. Kwa hiyo kagua majani mara kwa mara, hasa wakati wa kuchipua na kabla ya suke kutoka, na uangamize mayai unayoyakuta.

Kazi kubwa iko shambani baada ya mavuno. Viwavi hubaki ndani ya visiki wakingoja msimu. Kata mabua usawa wa ardhi, lima uyafukie, kisha jaza maji. Anayeacha visiki vichipue ili avune mara ya pili anawatunzia makao, na jirani atawapokea. Ndiyo maana skimu nzima ya umwagiliaji inafaa kupanda kwa wakati mmoja, ndani ya wiki 2 au 3. Shamba lililochelewa hupokea nondo wa wote.

Mbolea ya urea nayo igawe: sehemu wiki 2 hadi 3 baada ya kupandikiza, iliyobaki suke linapoanza kutungwa. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, bua hunenepa likawa laini, na bungua hutoboa kwa urahisi.