Kufanya Biashara na Wachina: Yanayosemwa na Yalivyo

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Mombasa anayejiandaa kwenda Guangzhou, mji wa kusini mwa China, kwenye maonyesho ya biashara yaitwayo Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, hupewa nasaha nyingi kuhusu kuinama, kupokea kadi ya biashara kwa mikono miwili na kuiepuka namba nne, inayodhaniwa kuwa ya nuksi. Nyingi zina chembe ya ukweli, ila humshughulisha na mapambo huku yale yanayoweza kumtia hasarani yakipitwa.

Tuanze na kuinama. Hiyo ni desturi ya Wajapani zaidi; Wachina katika biashara hupeana mikono, tena bila kubana sana, na aliye mkubwa kwa cheo ndiye husalimiwa kwanza. Kupokea kadi kwa mikono miwili bado ni adabu njema, lakini siku hizi watu huunganishwa papo hapo kwa WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, na bei, picha za sampuli na hata malalamiko hupitia humo. Kuhusu majina, jina la ukoo hutangulia: Yao Ming, yule mchezaji wa mpira wa kikapu, ni Bwana Yao, wala si Bwana Ming. Anayejiita kwa jina la Kizungu aweza kuwa amegeuza mpangilio, kama Jack Ma, mwanzilishi wa kampuni ya Alibaba, ambaye kwao ni Ma Yun.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ni ile isemayo kwamba kwa Wachina urafiki ndio mkataba, na kwamba kudai maandishi ni kumtukana mwenyeji. Ni kweli kwamba kujuana hufungua milango, na mtu aliyeletwa na mteja wa zamani husikilizwa haraka kuliko mgeni. Hata hivyo, mwenyeji huyohuyo, anapouziana na Mchina mwenzake, huandika mkataba na kuupiga muhuri mwekundu wa kampuni, ambao kwa desturi ya kazi una uzito kuliko saini ya meneja mauzo, kwa kuwa saini peke yake huacha swali la iwapo aliyeiweka alikuwa na mamlaka. Jina la kampuni lililosajiliwa kisheria ni lile la Kichina. La Kiingereza lililo kwenye kadi laweza kuwa la kuvutia wateja tu. Kwa hiyo, kabla ya kutuma malipo ya awali, ambayo mara nyingi huwa asilimia 30, linganisha jina la Kichina kwenye mkataba, kwenye muhuri na kwenye akaunti ya benki. Ukiambiwa ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, simama hapo kwanza.

Wengine husema zawadi kubwa hulainisha mambo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2012 Chama cha Kikomunisti kimebana karamu na zawadi kwa viongozi wake, hivyo ofisa wa shirika la umma anayepewa kitu cha thamani huweza kutiwa matatani na ukarimu huo. Kahawa au chai ya nyumbani yatosha.

Karamuni, Mwislamu hana sababu ya kuogopa. Kinywaji kikali cha baijiu hakilazimishwi kwa mtu aliyesema mapema kwamba hanywi. Atainua kikombe cha chai, akikishusha kidogo chini ya kile cha mkubwa wake wanapogonganisha, na heshima itakuwa imekamilika. Guangzhou ina mikahawa ya halali mingi. Jambo zito zaidi mezani ni kutomsahihisha mkuu mbele ya walio chini yake, hata kama takwimu zake zina kasoro; mvute kando baadaye, au mtumie ujumbe.

Mwisho, husemwa kwamba viwanda vya China havilali. Hulala. Mwaka mpya wao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, na wafanyakazi hurejea mikoani kwao, hivyo uzalishaji hupungua kabla ya sikukuu na hukawia kurudi katika hali yake baadaye. Baadhi yao hawarudi kabisa, nafasi zao hushikwa na watu wapya wasioizoea kazi, na ndiyo sababu mzigo wa kwanza baada ya sikukuu unahitaji kukaguliwa kwa makini kuliko mingine kabla haujapakiwa kwenye kontena.