Je, wajua fanibelti inaweza kuwa imekwisha kabisa na haina ufa hata mmoja?

Gari limezeeka kidogo, asubuhi unaliwasha linalia kama limekanyaga mkia wa paka, sekunde kumi hivi kelele inakata. Unafungua boneti, unashika fanibelti unaipindua kwa vidole kuangalia nyufa, hakuna, raba imekaa vizuri tu. Basi unaiachia unaanza kutafuta mchawi mwingine. Mi ndivyo nilivyofanya, nikasema belti nzima, kwa hiyo kinacholia ni beringi ya alteneta, ile mashine inayochaji betri, beringi ikabadilishwa, kesho yake asubuhi likalia vilevile, tena nahisi kwa dharau.

Kumbe ni belti. Ilikuwa imekwisha siku nyingi, ila mi nilikuwa natafuta dalili ambayo belti za aina ile hazina kawaida ya kuionyesha.

Kwanza tuelewane tunaongelea mkanda gani. Ni ule wa nje, unaoonekana ukifungua boneti, unaochukua mzunguko kutoka puli (gurudumu la kupitishia mkanda) ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, na kuzungusha alteneta, kompresa ya AC, pampu ya pawa stearing na kwenye injini nyingi pampu ya maji pia. Taimingi belti ni nyingine, ina meno na imefichwa ndani ya kava, ikikatika hiyo ni msiba wa aina yake, tuiache. Jina fanibelti lenyewe limebaki toka enzi mkanda huu ulipokuwa unazungusha feni ya radieta, siku hizi kwenye magari mengi feni ina mota yake ya umeme lakini jina halikuhama.

Sasa hii imani ya nyufa, wala haikuwa ujinga, na hilo ndo linaniuma kidogo. Kwa miaka mingi belti zilitengenezwa kwa neoprini, raba ya kutengeneza ambayo DuPont waliitoa miaka ya 1930. Neoprini ikipigwa joto la injini miaka na miaka inakauka, inakuwa ngumu, na kila ikipita kwenye puli inakunjwa ikanyooshwa ikakunjwa tena mpaka inapasuka mistari mistari. Mafundi wakawa na kanuni yao, hesabu nyufa kwenye kipande kifupi, zikifika idadi fulani toa, na ilifanya kazi kwa sababu raba ilikuwa inakwambia yenyewe umri wake. Baadaye watengenezaji wakahamia raba nyingine inayoitwa EPDM, inayovumilia joto na hewa vizuri kuliko neoprini, na hiyo haipasuki kirahisi. Inaweza kwenda kilomita laki moja na nusu na bado ukiikunja ni laini. Yaani walitatua tatizo la nyufa, na hapohapo wakatunyang'anya kipimo tulichokuwa nacho. Sisi tukaendelea kuhesabu nyufa kwenye kitu ambacho hakipasuki, tukifurahi kwamba jibu kila mara ni sifuri.

(Isieleweke vibaya, ukiona nyufa kwenye belti yoyote ile toa. Ninachosema ni kwamba kutokuwa na nyufa hakuthibitishi chochote.)

EPDM inakufa kama tairi, inalika. Inapungua kidogo kidogo, na inapungua mahali ambapo jicho halitazami, na ili uone kwa nini upungufu wa raba nyembamba kama karatasi unaweza kuleta kelele yote ile inabidi ujue mkanda unashikaje puli.

Ukiugeuza upande wa ndani utaona matuta, kama shamba lililolimwa vizuri. Belti iliyoandikwa 6PK1870 ina matuta 6, PK ni aina ya umbo lake, na 1870 ni urefu kwa milimita. Kutoka tuta moja hadi jingine ni milimita 3.56. Puli nayo ina mifereji yake inayopokea matuta hayo. Wengi tunadhani mkanda unakaa juu ya puli kama mtu anavyokaa kwenye kiti, uzito unashuka chini na msuguano unatokea chini. Sivyo. Unaning'inia kwa mbavu. Kuta za tuta zinabanwa na kuta za mfereji, na kule chini panatakiwa pabaki nafasi tupu.

Fikiria kabari kwenye gogo. Unaigonga kutoka juu, nguvu yako inaenda chini, lakini kinachopasua gogo ni kile inachofanya pembeni, na pembeni nguvu ni kubwa kuliko uliyogonga. Tuta la belti ni kabari hiyohiyo. Pembe yake ni kama digrii 40, na ukipiga hesabu za pembe hiyo inatoka kwamba kuta zinabana karibu mara 3 ya nguvu inayouvuta mkanda kuelekea puli. Mara 3 hivihivi, bure, kwa sababu ya umbo tu!

Na mambo hayaishii hapo. Kuna kanuni ya kamba kuzungushwa kwenye nguzo, ile inayomwezesha mtu mmoja kuzuia boti kubwa kwa kuzungusha kamba mara mbili tatu, inasema msuguano hauongezeki kwa kujumlisha, unajizidisha. Tuseme upande wa mkanda uliolegea una mvuto wa kilo 10 na mkanda umeizunguka puli nusu duara. Kama ni mkanda bapa wenye msuguano wa wastani, upande wa kazi unaweza kuvuta hadi kilo 26 hivi ndo uanze kuteleza. Weka kabari, msuguano uleule, unafika zaidi ya kilo 150. Hizi ni hesabu za karatasini, kwenye injini kuna joto, vumbi, na puli nyingine haizungukwi hata nusu duara, kwa hiyo usizichukue kama ahadi, ila zinaonyesha kabari inabeba kiasi gani cha kazi.

Sasa ilike. Kuta za matuta zinapungua, tuta linazama chini zaidi kwenye mfereji, linazama, linazama, mpaka siku moja ile nafasi tupu inaisha na kingo za puli zinagusa chini kabisa ya mifereji ya mkanda. Ni kama kizibo cha chupa kilicholika ubavuni mpaka kimezama na kukalia kitako mdomoni mwa chupa. Ukikikandamiza hakibani tena pembeni, unakandamiza tu kitako chake. Siku hiyo mkanda wa matuta 6 unakuwa umegeuka mkanda bapa, umerudi kwenye zile kilo 26, na alteneta inayotaka kuijaza betri iliyochoka usiku kucha inataka zaidi ya hapo. Unateleza. Unalia.

Hata ile tabia ya kulia zaidi siku za mvua inatokea hapo. Mkanda mzima una pa kuyapeleka maji, yanakimbilia kwenye ile nafasi ya chini, uliolika hauna, maji yanabaki katikati ya raba na chuma kama tairi kipara barabarani.

Ila kituko ninachokipenda ni hiki. Fundi akiona mkanda umelegea atasema umerefuka, na mi nimesema hivyo miaka yote. Kumbe ndani yake kuna nyuzi ngumu za poliesta au aramidi, na zenyewe zinarefuka kidogo sana. Kilichotokea ni kwamba mkanda umezama kwenye kila puli, sasa unazunguka duara dogo kidogo kuliko zamani, na ukijumlisha vile vipunguzo vya puli zote unabaki na urefu wa ziada ambao haukuwepo.

Kwa hiyo unaikaza, si ndio? Kwenye magari ya zamani ambayo alteneta ina boliti ya kurekebisha, kukaza kunanyamazisha kelele kwa muda, lakini unachofanya ni kukandamiza kizibo kwenye kitako chake, na mzigo unaupeleka kwenye beringi za alteneta na pampu ya maji ambazo hazina kosa lolote. Ile dawa ya kupulizia mkanda ndo kabisa, inanata, inakusanya vumbi, na vumbi ni msasa.

Mi baada ya aibu ya beringi nilibadilisha mkanda peke yake nikajiona nimemaliza. Kimya. Wiki kadhaa baadaye likaanza kuchwi chwi chwi, kama ndege kajenga kwenye injini. Hapo ndo nikaanza kuiheshimu tenshena, kile kifaa kinachoukaza mkanda.

Tenshena inaonekana kama mkono wenye puli tu, lakini ni springi na shokapu kwenye kopo moja. Kinachofanya shokapu ihitajike ni kwamba krenki haizunguki sawasawa. Injini ya silinda nne inachoma mafuta mara 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika mkanda unavutwa na kuachiwa kama mara 27 kwa sekunde, na huku mwishoni kuna alteneta, rota nzito inayozunguka mara mbili na nusu au tatu ya krenki na haitaki kabisa kubadilisha mwendo ghafla. Mkanda uko katikati ya ugomvi huo. Springi inaukaza unapolegea, na pedi ndogo ya msuguano ndani ya tenshena inazuia mkono usicheze. Pedi ikiisha mkono unadunda, na bushi ikilika mkono unalala upande kidogo, puli inakuwa haijanyooka na wenzake, na mkanda unaingia kwenye mfereji kwa ubavu na kujikwangua kila mzunguko. Mkanda mpya kwenye tenshena iliyochoka unalika upesi, na kwa kuwa vyote viwili vimezunguka pamoja kilomita zilezile, kubadilisha kimoja ni kujipangia kazi mara ya pili.

Kuna kipimo cha maji ambacho ni rahisi hadi kinatia shaka, ila kinasaidia. Injini ikiwa inanguruma, mikono na nguo mbali, nyunyizia maji kidogo upande wa matuta. Sauti ikipotea kwa muda halafu ikarudi, mara nyingi puli hazijanyooka. Ikizidi, mkanda unateleza. Halafu angalia mkono wa tenshena, ukitetemeka kidogo sawa, ukirukaruka waziwazi umekwisha. Injini ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa zungusha kila puli kwa mkono, yenye mkwaruzo au inayolegalega beringi yake inaaga.

Kubadilisha kwenyewe hakuna maajabu. Piga picha njia ya mkanda kabla hujaugusa, maana pampu ya maji mara nyingi inazungushwa kwa mgongo wa mkanda na ukipitisha upande usio wake inazunguka kinyume. Sukuma mkono wa tenshena kwa spana ndefu, vua, na boliti ya puli ikigoma usiivunje kabla hujahakikisha sio ya kufungua kinyume, zipo. Kama kuna oili au kulanti (maji ya kupozea injini) inavuja juu ya mkanda ziba kwanza. Ukishavisha, hesabu matuta kwenye kila puli, mkanda uliokaa mfereji mmoja pembeni utaonekana umekaa sawa mpaka uwashe gari.

Mi ule wa zamani niliutundika kwenye msumari pembeni ya mpya kabla sijaufunga, nikategemea uning'inie chini zaidi. Ilinibidi nisogeze macho karibu kabisa kujua upi ni upi, na tofauti ilikuwa kwenye matuta.