Kopo la mwani si dozi ya kisukari

Maswali kuhusu unga wa mwani "unaotibu kisukari" yameongezeka, na wengi huuliza wakiwa wamekwisha kuacha dawa.

Mwani wenyewe hatuubezi. Ule wa kahawia una florotanini, kemikali za asili ambazo maabara huonyesha huzuia alfa-amilezi na alfa-glukosidezi, vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Akabozi, dawa ya kisukari iliyosajiliwa miaka mingi, hupita njia hiyohiyo. Ipo pia alginati: ikikutana na asidi ya tumbo huganda mithili ya uji mzito, chakula huchelewa kushuka na sukari hupanda polepole. Lakini vyote hivi hushughulika na wanga wa mlo uliopo tumboni, basi. Insulini iliyokosekana hairudi. Hakuna kisukari "kinachosafishwa", tumelisema hili mara nyingi. Mwenye kisukari cha aina ya 1, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha sindano, ketoni (asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta) zinaweza kujaa kwenye damu ndani ya siku moja.

Kidonge cha akabozi cha miligramu 50 kina miligramu 50 leo na mwakani. Florotanini hubadilika kwa spishi, msimu na namna mwani ulivyokaushwa, hivyo kijiko kimoja hakilingani na kingine. Iodini nayo: mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, ilhali gramu moja ya kelpu kavu, aina ya mwani wa kahawia, huweza kubeba zaidi ya 2,000, na tezi ya shingo ikavurugika. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari wake kabla ya kuonja, kwa kuwa mwani una vitamini K.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akitokwa jasho na kutetemeka, apime sukari ya damu. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita, anywe glukosi. Sukari ya mezani huchelewa kufanya kazi kwa anayetumia akabozi, kwa sababu kimeng'enya cha kuivunja kimezuiwa; kwa mwani chukua tahadhari ileile.

Kwa wauzaji: katika nchi nyingi, ukiandika "hutibu" kwenye lebo, bidhaa imekuwa dawa. Sheria itakudai jalada la usajili, matokeo ya majaribio kwa binadamu, ukaguzi wa kiwanda na uchambuzi wa kila toleo. Ukikosa, shehena huzuiwa, bidhaa huondolewa sokoni kwa gharama yako, kisha mashtaka. Neno "lishe" kwa herufi ndogo chini ya kopo halikuokoi.

Aliyedhurika asitupe kopo wala kulisafisha. Alete likiwa na mabaki, namba ya toleo, tarehe ya kuanza, kiasi alichotumia kwa siku, orodha ya dawa zake na vipimo vya kabla ya kula na saa 2 baada ya kula. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari ya damu wa takriban miezi 3, kwa hiyo anayekuonyesha HbA1c "iliyoshuka kwa wiki moja" muulize alipima nini.