Je, wajua namna ya kuinasa dhana iliyojificha ndani ya hoja?

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ya Kenya, EPRA, hutangaza bei za mafuta zitakazotumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Tuseme petroli imeteremka. Pale bustani ya Jeevanjee, wakazi wa Nairobi wanapokutana kujadili siasa na maisha, mmoja anasema: “Petroli imeshuka, basi nauli ya kwenda mtaa wa Githurai itashuka.” Wenzake wanaafiki. Mbona hakuna anayemuuliza swali?

Ni kwa kuwa kauli inayoibeba hoja nzima, yaani dhana yenyewe, haikutamkwa. Kila msikilizaji ameijaza mwenyewe kichwani, na mtu hashuku alichokijaza mwenyewe. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alilieleza hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: msemaji huliacha lile linalojulikana, hadhira ikaliongeza.

Ili kuinasa dhana hiyo, anza na hitimisho. Tafuta humo kitu ambacho sababu iliyotolewa haikukigusa. Hapa ni nauli. Sababu inazungumzia petroli, hitimisho linaibuka na nauli, na katikati hapana neno. Chungulia hapo katikati utaona dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba matatu, yaani magari ya abiria, za Githurai zinatumia petroli, ilhali minibasi nyingi hutumia dizeli, ambayo EPRA huipangia bei yake kando. Ya pili ndiyo nzito: kwamba mafuta yakishuka, mwenye gari atampunguzia abiria. Mkazi yeyote wa Nairobi anajua nauli hupanda mvua ikinyesha, au jioni watu wakitoka kazini, mafuta yakiwa bei ile ile.

Utajuaje kama dhana uliyoinasa ndiyo yenyewe? Ikanushe. Sema, “Wenye matatu hawatapunguza nauli hata mafuta yakishuka.” Hoja imeporomoka papo hapo, kwa hiyo iliitegemea kauli hiyo.

Hapa wengi huteleza, maana huchagua kauli kali kuliko hoja inavyohitaji. Kwa mfano: “Kila shilingi inayopungua kwenye petroli hupungua pia kwenye nauli.” Ikanushe uone. Hata kama si kila shilingi inayomfikia abiria, nauli bado yaweza kushuka kidogo, na hitimisho linabaki limesimama. Anayemshtaki yule msemaji wa Jeevanjee kwa kauli hiyo anamlisha maneno.