"Sisi Tuna Mikono, Utafiti wa Nini?" Dhana Potofu Katika Tiba ya Viungo

"Utafiti ni wa watu wa chuo. Sisi huku wodini tuna mikono." Kauli hii nimeisikia Dodoma mara nyingi, tena kutoka kwa watoa tiba ya viungo (fiziotherapia) ninaowaheshimu, waliokuwa wakisimamisha wagonjwa wakati mimi nipo sekondari. Nianze nayo, kwani dhana nyingine nyingi zimezaliwa humo.

Ukweli ni kwamba ushahidi hauji kufuta uzoefu. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake waliieleza tiba inayofuata ushahidi kuwa ni kuunganisha ujuzi wa mtoa huduma na matokeo bora ya utafiti yaliyopo, huku hali ya mgonjwa na matakwa yake yakizingatiwa. Mafiga matatu, na uzoefu ni figa mojawapo. Ubaya wa uzoefu ukiachwa peke yake ni kwamba unatuonyesha wale tu waliorudi kliniki. Aliyeacha kuja tunasema amepona, kumbe pengine amekosa nauli ya kutoka Mpwapwa. Isitoshe, maumivu mengi ya mgongo yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mashine yoyote utakayoiweka wiki ya tatu itajitwalia sifa.

Ya pili inaniuma zaidi kwa sababu niliiamini: "Mgonjwa wa kiharusi mwahi siku ya kwanza, mkazanie, atapona upesi." Inaingia akilini kabisa. Ndugu nao hufurahi wakiona mzee ameinuliwa kitandani. Sasa tazama jaribio la AVERT lililochapishwa mwaka 2015: wagonjwa 2,104, hospitali 56, nchi tano. Kundi moja lilianza kunyanyuliwa ndani ya saa 24, mara nyingi na kwa muda mrefu kwa siku. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri ni asilimia 46 katika kundi lililokazaniwa na asilimia 50 katika lile la kawaida. Bidii ya ziada ilipunguza nafasi ya kupona vizuri! Hii haina maana mgonjwa aachwe alale tu. Hata wale wa huduma ya kawaida, wengi waliinuliwa mapema. Uchambuzi uliofuata ulielekeza kwenye vipindi vifupi vinavyorudiwa mara kadhaa kwa siku. Hakuna mikono, iwe na miaka ishirini kazini, ambayo ingeligundua jambo hilo kwa wagonjwa sita wa wodi moja.

"Utafiti ni wa Ulaya, hautuhusu." Nusu kweli. Upo uliofanywa katika mazingira yanayokaribiana na yetu. India, katika jaribio la ATTEND la mwaka 2017, ndugu za wagonjwa 1,250 wa kiharusi kutoka hospitali 14 walihusika: baadhi yao walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Ni jambo ambalo hata sisi tungelipigia makofi. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti katika vifo wala utegemezi kati ya wagonjwa wao na wale wa huduma ya kawaida. Mimi bado nawafundisha ndugu kumgeuza na kumhamisha mgonjwa salama, ila sitamwambia mtu kwamba hilo linachukua nafasi ya mtaalamu.

Nusu nyingine ya kauli hiyo ni kweli kwetu. Mwongozo ulioandikwa mahali ambapo kifua kikuu ni nadra hauwezi kukukazia kukitafuta kwenye uti wa mgongo kama inavyotupasa hapa.

Kuhusu dhana kwamba kusoma tafiti ni gharama, sina mengi. Hifadhidata ya PEDro ya Sydney, inayokusanya tafiti za tiba ya viungo na iliyoanza mwaka 1999, hufunguka bure hata kwenye simu, na majaribio yake yamepewa alama hadi 10 kwa ubora wa mbinu. Makala kamili ndiyo hufungwa mara nyingine hadi ulipie. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, unazifungulia taasisi za nchi kama yetu.

Nimalizie na ile bahasha kubwa ya kaki. Mama mmoja mkulima kutoka Chamwino aliiweka mezani kwa mikono miwili kama hati ya shamba. Ndani mlikuwa na picha za MRI na maneno "pingili zimechakaa". Alikuwa ameambiwa asiiname tena maisha yake yote. Dhana hapa ni kwamba picha ndiyo maumivu. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015, yaliyohusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalikadiria kwamba diski (vile vitakia vya kati ya pingili) zilizochakaa hukutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Ni kama mvi.

Nilimuuliza kuhusu dalili za hatari: homa, jasho la usiku, kukonda, ganzi ya mapajani na kushindwa kuzuia mkojo. Hapakuwa na kitu. Nikamwinamisha taratibu, mara tano, kisha kumi.

"Kwa hiyo mwanangu, jembe nalishika?"

"Lishike, mama. Wiki hii matuta mawili kwa siku, wiki ijayo tutaongeza."

Aliondoka bila bahasha. Nikamkimbilia nayo hadi getini, kwani zile picha alizilipia kwa kuuza mbuzi.