Je, wajua kipimo cha mimba hakipimi mimba?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa mimba ikitungwa usiku, kipimo cha mkojo kitaionyesha asubuhi, mradi kisiwe kibovu. Nilikosea mara mbili.

Kosa la kwanza: kijiti kile hakina habari na yai wala mbegu. Kinatafuta homoni ya hCG tu, nayo haiingii kwenye damu ya mama mpaka yai lililorutubishwa lijishikize kwenye ukuta wa mji wa mimba. Yai halina haraka. Hushuka kwenye mrija likijigawa njiani, na mara nyingi hujishikiza siku ya 8 hadi ya 10 tangu litoke kwenye ovari. Mengine hutangulia, mengine huchelewa. Kabla ya hapo, hata kipimo cha damu kitasema hakuna kitu.

Kosa la pili: nilidhani homoni ikishaanza hujaa papo hapo. Kumbe huongezeka maradufu kila siku mbili hivi. Vipimo vingi vya nyumbani huhitaji mili-uniti 25 katika mililita moja ya mkojo. Mwenye 3 leo atafika 6, kisha 12, kisha 24. Siku sita zimepita na bado mstari mmoja! Ndiyo maana hupimwa kuanzia siku hedhi ilipotarajiwa, kwa mkojo wa asubuhi ambao haujazimuliwa na maji, na jibu likiwa hapana huku hedhi haionekani, hurudiwa baada ya siku chache. (Mwenye maumivu makali ya tumbo asisubiri kurudia, aende hospitali.)

Mstari wenyewe hutokeaje? Mkojo hupanda kwenye karatasi ukibeba kingamwili (protini zinazonasa kitu maalumu, hapa hCG) zilizotiwa rangi. Mbele, kwenye mstari, kingamwili nyingine zimegandishwa, haziendi popote. hCG ina mikono miwili: mmoja humshika msafiri mwenye rangi, mwingine humshika aliyeganda. Bila hCG katikati, wenye rangi hupita zao.

Sasa kioja. Wiki kadhaa baadaye homoni huweza kuzidi mno, kila kingamwili, msafiri na aliyeganda, ikapata hCG yake. Hakuna aliyebaki na nafasi ya kumshika mwenzake, na mstari hufifia ingawa mimba ipo. Ni nadra, lakini mkojo huohuo ukiongezwa maji, mstari huweza kurudi.