Si kila mchungaji au shehe anaweza kufungisha ndoa

Wengi wanaamini kwamba kiongozi yeyote wa dini mwenye heshima zake anaweza kufungisha ndoa, na kwamba baraka zake ndizo zinazoihalalisha mbele ya serikali. Kwa Tanzania Bara, sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka anayefungisha ndoa ya kidini awe na leseni ya Msajili Mkuu wa Ndoa, ambaye kazi zake ziko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Cheo chake kanisani au msikitini hakichukui nafasi ya leseni hiyo, hata kama ndiye aliyembatiza bibi harusi.

Kosa hili huanzia kwenye vikao vya kamati ya harusi, ambako ukumbi, mapambo na mshereheshaji hujadiliwa hadi usiku, lakini hakuna anayeuliza kama mchungaji aliyealikwa kutoka mkoani ana leseni. Muulizeni mapema, kwa adabu, awaonyeshe. Si utovu wa heshima hata kidogo. Sheria hiyo inatamka kuwa ndoa ni batili iwapo wote wawili walikubali, kwa kujua na kwa hiari yao, ifungishwe na asiyeruhusiwa kisheria.

Taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla, kwa hiyo mtafuteni mfungishaji kabla ya kuchapisha kadi. Wasiotaka ibada wanaweza kufungishwa ndoa ya kiserikali na msajili, mara nyingi katika ofisi ya mkuu wa wilaya, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili.